Suruali Mbili za Mrina Asali

Mtu anayekwenda kurina asali akiwa na akili zake timamu huvaa suruali mbili. Ya ndani ni ya kawaida, ya juu nzito, na chini kabisa, juu ya mabuti ya mpira, hufunga ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Anaukaza kwelikweli, maana nyuki wa pori la Issuna hawana adabu na wakishapata mlango wa chini hawaishii gotini. Christopher alikuwa na akili zake timamu. Ndiyo maana alipopakiwa nyuma ya gari la polisi, na hata aliposhushwa na kulazwa kwenye machela ya hospitali huku mjini Singida, hakuna aliyeona tone la damu likidondoka miguuni mwake. Wote waliona mkono wa kushoto tu, ambao risasi ilikuwa imeuchana juu kidogo ya kiwiko, na kweli mkono ule ulikuwa unatisha kuutazama.

Yeye mwenyewe alijua kwamba risasi zilikuwa mbili. Ya pili ilimwingia pale paja linapokutana na kinena. Tangu hapo alihisi uvuguvugu ukishuka polepole ndani ya suruali, ukalizunguka goti, ukaingia kwenye buti na kutulia humo. Haukumuuma sana. Barabarani, gari likirukaruka, aliwaza kwamba akifika atamwambia daktari, na daktari atajua la kufanya. Alipoingizwa chumba cha dharura alikuwa ameshafungua mdomo aseme, ndipo akaona ni nani amesimama kando ya machela akivaa glovu.

Alikuwa mama mkwe wake.

Sasa hapa inabidi nieleze kidogo, maana kuna vijana watakaocheka. Kwa watu wa kwao Christopher, na kwa watu wengi wa kule kwetu, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Mkwe anapofika nyumbani kwa wakwe husimama uani na kukohoa, mama akapata nafasi ya kuingia jikoni. Chakula huletwa na mtu mwingine. Wakikutana njiani, mmoja anapisha pembeni kwenye majani na kutazama kwingine mpaka mwenzake apite. Kushikana mikono hakuna, na kuhusu kuonana mwili, hilo hata kulitaja ni kosa. Sista Marietha alikuwa muuguzi wa miaka mingi, amewavua nguo wanaume wa mkoa huu wa kila rika na kuwakemea walioona haya. Lakini aliporudi nyumbani na kuvua yale mavazi meupe alikuwa mama mkwe, na katika umama mkwe alikuwa mkali kuliko bibi yake.

"Shikamoo, mama," Christopher akasema, na kichwa chake kikajigeuzia ukutani chenyewe.

Mkasi ukamponyoka Sista Marietha, ukalia sakafuni. Akauokota, akauosha, na alipojibu alikuwa akiitazama chupa ya dripu.

"Marahaba, baba," akasema. Sauti ilikuwa ya kazini. "Nani amekufanya hivi?"

Aliyemfanya hivyo alikuwa amesimama mlangoni. Konstebo Frank alikuwa kijana mrefu mwenye sare mpya, na jasho lilimlowesha kola. Asubuhi ile majambazi walikuwa wamevunja duka kando ya barabara wakakimbilia porini, polisi wakawafuata. Christopher hakuwa na habari hizo. Alitoka kichakani na kofia yenye wavu usoni, koti refu mwilini, na mkononi bomba la kufukizia nyuki, lenye mdomo mrefu, likifuka moshi. Ungekuwa wewe ndiye mwenye bunduki, na moyo unakudunda, sijui ungefikiri nini. Mimi ningekuomba uulize kwanza, na Frank hakuuliza.

Karani wa mapokezi akachungulia. "Sista, huyu PF3 yake iko wapi? Bila karatasi ya polisi siwezi kumfungulia faili."

"Polisi wamempiga, polisi wamemleta, na polisi huyo hapo mlangoni," Marietha akasema bila kugeuka. "Mkae huko mwandike mpaka mchoke. Mimi nafunga damu."

Akaufunga mkono kwa bandeji, safu juu ya safu, akikaza. Kwa kuwa mkono si mwili, alijiambia; mkono hata mgeni unampa. Akatundika dripu. Siku hiyo zamu ilikuwa na wauguzi watatu, mmoja amesindikiza mgonjwa wa rufaa Dodoma, na Daktari Hiren alikuwa chumba cha upasuaji na mama aliyeshindwa kujifungua. Aliyebaki ni Innocent, kijana mkakamavu mwenye ndevu za kubahatisha. Marietha akamwita.

"Kimbia maabara ulete damu kundi O, hata chupa mbili. Pita kwa daktari umwambie tuna mtu wa risasi. Halafu ukirudi," akasita, "ukirudi utamvua mgonjwa nguo umkague mwili mzima."

"Si bora nimvue sasa hivi, sista?"

"Damu kwanza."

Innocent akaondoka mbio. Sheria ya chumba kile, ambayo Marietha mwenyewe aliwafundisha vijana wote, ni kwamba mtu wa risasi huvuliwa nguo zote kabla hujamuuliza hata jina lake. Alikuwa anaijua. Siku hiyo aliiruka, na alijua kwamba anairuka.

"Konstebo," akasema. "Ulipiga risasi ngapi?"

Frank akatazama vidole vya viatu vyake. Njiani, kwa simu, alikuwa ameshamwambia mkuu wake kwamba ni moja, na neno likishafika kwa mkuu ni gumu kulirudisha. "Moja, sista."

"Na wewe, baba. Umeumia pengine?"

Christopher akaufikiria ule uvuguvugu. Akamfikiria mama huyu akishika mkasi, akikata ukanda, akikata suruali ya kwanza na ya pili, na kitakachoonekana hapo. Uso ukamwaka moto, ingawa mwili wote ulikuwa umeanza kupoa.

"Hapana, mama," akasema. "Ni mkono tu."

Basi mwongo wa hofu na mwongo wa aibu wakakubaliana, na chumba kikatulia.

Feni la juu lilikuwa linazunguka taratibu. Christopher alilitazama mpaka likaanza kuvuma, na uvumaji ule aliujua. Ulikuwa wa mzinga wenye afya, saa za jua kali, ukiwa umejaa mpaka mlangoni. Akafurahi. Harufu ya asali ilikuwa imejaa chumbani, ikitoka kwenye koti lake, nayo ilikuwa inaishinda harufu ya dawa. Nyuki mmoja akatoka kwenye kola ya koti. Akatembea juu ya shuka jeupe bila haraka, akasimama, akajifuta uso kwa miguu ya mbele, akaendelea na safari. Christopher alitaka kumwambia Frank asimuue, lakini Frank hakuwa na nia ya kuua kitu chochote tena siku hiyo.

Shuka likapanuka. Likawa shamba, na shamba likawa la alizeti, na alizeti zilikuwa zimeshakomaa na kuinamisha vichwa. Alikuwa akitembea katikati ya mistari, miguu yake miepesi, buti moja tu likiwa zito, na hilo halikumsumbua. Mbele yake Hana, mke wake, alitangulia na ndoo kichwani. Alimwita. Hana hakugeuka, ila aliinua mkono mmoja na kuupunga kwa namna yake ya kusema njoo bwana, acha kuchelewa. Upepo ulikuwa mtamu. Mawe makubwa ya Singida, yale yaliyopandiana tangu dunia ichongwe, yalikuwa yamekaa pembeni ya shamba yakiota jua, na Christopher akaona kwamba yanapumua. Hilo nalo halikumshangaza. Akajisemea kwamba akifika kwenye lile la mwisho atakaa chini, apumzike kidogo tu.

"Baba. Christopher. Nisikie."

Sauti ilitoka mbali, nyuma yake, mahali penye kelele na mwanga mbaya.

"Mashine inasema presha imeshuka," sauti ikasema. Halafu, polepole, kama mtu anayefanya hesabu peke yake: "Mkono umekauka. Bandeji ni kavu. Dripu inaingia. Sasa damu inakwenda wapi?"

Alijua inakwenda wapi, na angeweza kumwambia. Lakini alizeti zilikuwa nyingi na Hana alikuwa anazidi kwenda.

Presha ikishuka, miguu huinuliwa ili damu kidogo iliyobaki irudi moyoni. Hilo Marietha alilifanya bila kuwaza. Miguu ilikuwa ndani ya mabuti, na buti ni kiatu tu. Akakunja blanketi, akashika buti la kulia, akalipandisha. Likapanda kwa urahisi. Akashika la kushoto, na la kushoto lilikuwa zito, na alipoliinua akasikia kitu kikicheza ndani, majimaji, kama unapoinua ndoo iliyojaa nusu.

Akabaki ameshika buti hewani.

Halafu damu, ambayo kwa safari nzima ya kutoka Issuna ilikuwa imekaa kimya ndani ya suruali mbili, ikateremka upande wa pili. Ikatoka kiunoni. Shuka chini ya Christopher likageuka jekundu, doa likatambaa mpaka ukingo wa machela na kuanza kudondoka sakafuni, na yule nyuki akaruka.

"Risasi ngapi?" Marietha akapiga kelele. "Wewe mtoto, risasi ngapi?"

Frank akaanza kulia. "Mbili, mama. Zilikuwa mbili. Nilidhani ya pili imepita pembeni, naapa nilidhani imepita."

Marietha alikuwa ameshageuka. Akachukua mkasi. Akakata mpira wa chini, akakata suruali ya juu kuanzia kisiginoni, ikaachia, akakata ya ndani, akapanda nayo, goti, juu ya goti. Akafika mahali mkasi ukagota kwenye mkono. Mkono wa kulia wa Christopher, ule mzima, ulikuwa umeshika mbele ya suruali, vidole vyote vitano, na haukuwa mkono wa mtu anayekufa. Ulikuwa na nguvu ya ajabu.

"Toa mkono, baba."

"Msubiri Innocent," Christopher akasema akiwa shambani. Midomo ilikuwa mizito.

"Innocent yuko maabara."

"Nitamsubiri."

"Hutamsubiri. Huna muda huo."

"Mama," akasema, na machozi yakamtoka kwa sababu ya aibu, si kwa sababu ya maumivu. "Mama, wewe ni mkwe wangu. Hili haliwezekani. Nitakuangalia vipi tena?"

Marietha akajaribu kuung'oa ule mkono. Ukagoma. Angeweza kumwita Frank aushike, na alishafungua mdomo, lakini alimjua kijana huyu. Angepigana. Angepigana kwa damu kidogo iliyobaki mwilini, na ingemwagika yote. Hapo ndipo Sista Marietha, aliyekemea wagonjwa miaka yote hiyo, alipoishiwa na sauti ya kazini. Akainama mpaka karibu na sikio lake, karibu kuliko alivyowahi kumkaribia tangu amuoe binti yake.

"Na mimi naona aibu," akasema. "Nimeiona tangu ulipoingia hapa. Nimekuacha na nguo kwa ajili ya aibu, mimi mwenye kufundisha watu. Sasa nisikilize. Hana yuko njiani anakuja. Ataniuliza. Nimwambie nini, Christopher? Nimwambie nilimheshimu mume wake mpaka akafa?"

Shambani Hana alikuwa amefika kwenye jiwe la mwisho. Hapo tu ndipo alipogeuka. Hakuwa anatabasamu kama alivyotarajia. Alikuwa amekunja uso, amesimama na ndoo yake, na Christopher akatambua kwamba hakuwa akimngoja yeye apumzike. Alikuwa amesimama pale kumzuia njia. Akataka kumuuliza kwa nini. Nyuma yake kuna mtu alikuwa analia, na kilio hicho hakikuwa cha muuguzi.

Mkono wake ukaachia suruali.

Haukuanguka. Ulitafutatafuta hewani ukiwa kipofu, ukagusa glovu, ukaushika mkono wa mama mkwe wake kwa vidole, ukauvuta taratibu, ukaushusha mpaka pale penyewe, na kuukandamiza.

"Hapa, mama," akasema. "Ni hapa."

Marietha akamaliza kukata kwa mkono mmoja. Akashindilia kitambaa cha gozi ndani ya kidonda, roli zima, kisha lingine, akapanda juu ya machela kwa goti na kuweka ngumi zake mbili na uzito wake wote juu ya mahali pale. Frank aliambiwa alete blanketi, akaleta. Aliambiwa akamwite daktari hata kama daktari ameshika kisu, akakimbia, na watu wa korido walishangaa kumwona polisi akilia huku anafungua milango.

Wakabaki wawili. Mama hakutazama chini, maana ngumi zilijua pa kukaa. Alimtazama usoni, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, na akawa anamsemesha ili asilale. Alimuuliza mizinga iko mingapi. Alimuuliza mvua za kule zikoje. Christopher naye alimtazama. Aliona kwamba unyusi wake wa kushoto unapanda juu ukikunjamana, hata pasipo hasira, ndivyo ulivyoumbwa tu. Ulikuwa ni unyusi wa Hana. Miaka yote amekuwa akimgombeza mke wake asubuhi kwamba amenuna, na kumbe hakuwa amenuna hata siku moja. Alitaka kucheka. Aliona ni jambo la kupendeza sana kulijua, na akajisemea kwamba lazima arudi nyumbani akamwambie.

Innocent akaingia na damu, baridi, ikatundikwa. Daktari Hiren akaja na gauni la upasuaji likiwa bado na damu ya mtu mwingine, akatazama mara moja, akasema twende. Wakamsukuma hivyohivyo, Marietha akiwa juu ya machela na ngumi zake, korido nzima, mpaka chini ya taa kubwa. Dawa ya usingizi ilipoanza kumwingia, kitu cha mwisho alichokisikia ni daktari akisema, "Sista, achia sasa, nimeshaushika mshipa," na kimya, na daktari akirudia kwa upole, "Sista Marietha. Nimeushika. Achia."

Alipoamka kulikuwa kumekucha, na wodi ilikuwa na harufu ya uji. Mguu ulikuwepo. Aliugusa kwanza, akahakikisha, ndipo akamwona Hana amekaa kwenye kiti cha plastiki, macho yamevimba, unyusi wa kushoto juu. Alimtazama kwa muda mrefu mpaka Hana akauliza kuna nini usoni kwake.

"Hakuna," Christopher akasema. "Endelea kukaa hivyohivyo."

Hana akamnywesha uji. Akamweleza kwamba Frank alikuwa ameandika maelezo mapya, risasi mbili, kwa mkono wake mwenyewe, na sasa mkuu wake hamsemeshi. Kesi itakuwepo. Watu wa Issuna wamekuja kutoa damu, wamejaa nje. Christopher alisikiliza, lakini macho yake yalikuwa mlangoni.

"Mama yuko wapi?"

Hana akaweka kikombe chini. "Yuko hapo koridoni. Alimaliza zamu jana, hajaenda nyumbani. Nimemwambia aingie amekataa." Akapunguza sauti. "Anasema hajui aingie kama nani."

Upande wa pili wa mlango mtu alisogeza ndara zake sakafuni, halafu akatulia. Christopher akawaza. Angeweza kugeuka ukutani akamsalimia kutoka pale, na mama angeitikia kutoka kule, na baada ya wiki mbili wangeanza tena kupishana kwenye majani. Wala hakuna ambaye angewalaumu. Ila maisha yake yangekuwa yamebaki na jambo hilo moja la kukwepa, na angekuwa anaujua uso ule na kujifanya haujui.

"Mama!" akaita kwa nguvu alizokuwa nazo, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akaamka. "Mama, ingia. Ingia unikague kidonda."

Ndara zikasogea tena. Kisha Sista Marietha akaingia, amejifunga kitenge juu ya sare yake, macho yamekauka kwa kukosa usingizi. Akafika hadi kitandani. Akasimama, asijue mikono aiweke wapi, akitazama dirishani.

Christopher akashika ukingo wa shuka, akajifunua mwenyewe.